Bei ya Mnadani: Namna ya Kuipima Kabla ya Kununua au Kuuza Gari

Somo kwa vikundi vya wanunuzi na wauzaji, Kata ya Kanga, Wilaya ya Mafia

Katika vijiji vilivyo kando ya barabara itokayo Kilindoni kuelekea Rasi Mkumbi, gari si pambo. Nazi hazijibebi zenyewe, korosho husubiri ghalani, na samaki asiyefika kwenye barafu kwa wakati huwa hasara kabla ya jua kupanda. Kwa sababu hiyo fedha inayotengwa kununua gari Kanga ni nadra kuwa fedha ya mtu mmoja. Mara nyingi ni akiba ya misimu kadhaa, iliyokusanywa na watu wengi kwa hisa ndogondogo. Kadhalika gari kuukuu lililobaki uani kwa mzee fulani laweza kuwa ndiyo mali pekee ya thamani atakayowaachia wanawe.

Somo hili linahusu jambo moja tu, nalo ni habari za bei zinazosemekana kupatikana mnadani. Tutauliza habari hizo hutoka wapi, ni zipi za kuaminika, na mnunuzi au muuzaji azipime kwa kipimo gani.

Tuanze na mifano miwili ya kubuni, ambayo hata hivyo msomaji hatashindwa kuitambua.

Mzee mmoja ana Land Rover ya zamani, ile yenye kichwa kifupi na bodi ya bati la alumini, iliyoletwa kisiwani miaka mingi iliyopita na sasa imesimama chini ya mkorosho. Anafika kijana kutoka bara, anamwamkia kwa adabu na kumwambia: "Mzee wangu, magari kama haya Ulaya yanauzwa mnadani kwa mamilioni. Mimi nitakutafutia mteja, wewe nipe kadi ya gari na gharama kidogo ya kulipiga picha na kulitangaza." Mzee anaonyeshwa kwenye simu picha ya gari linalofanana na lake, na chini yake tarakimu ndefu.

Mfano wa pili ni wa kikundi cha wavuvi na wachuuzi wa samaki kinachotaka kununua kirikuu. Dalali anakiambia kikundi kwamba wiki iliyopita Dar es Salaam kirikuu kimeuzwa mnadani kwa shilingi milioni nane, nacho cha kwake, kwa kuwa ni kizuri zaidi, anakitoa kwa milioni kumi na moja. Ushahidi wake ni tangazo la mnada lenye picha, na maneno ya mdomo.

Mzee na kikundi wamepewa kitu kimoja, yaani tarakimu iliyonasibishwa na mnada. Na neno mnada lina uzito wa pekee masikioni mwetu, kwa kuwa jambo lililotendeka hadharani huaminika kuliko lililosemwa faraghani. Uzito huo ndio unaotumiwa vibaya.

Tarakimu nne, si moja

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba gari likipita mnadani huwa na bei moja. Kwa hakika huwa na tarakimu zisizopungua nne, na kila msimuliaji huchagua inayomfaa.

Iko bei ya makadirio, ambayo hutangazwa kabla ya mnada ili kuvuta watu. Hiyo ni matumaini ya mwenye mali au ya dalali, wala si habari ya mauzo. Liko dau kubwa kuliko yote lililotajwa ukumbini. Iko bei ya nyundo, yaani dau lililokubaliwa. Na mwisho iko fedha iliyolipwa hasa, ambayo yaweza kuzidi bei ya nyundo kwa sababu ya ada, au isiwepo kabisa kwa sababu mnunuzi hakurudi.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatusaidia kutenganisha hatua hizi. Kwa mujibu wake, mauzo ya mnada hukamilika dalali anapoangusha nyundo au anapotoa ishara nyingine iliyozoeleka. Kabla ya hapo, yeyote aliyetaja dau ana haki ya kuliondoa. Kwa hiyo mtu anayekuambia kwamba "watu walifika milioni kumi" hajakuambia lolote kuhusu mauzo. Watu waweza kufika milioni kumi, mwenye mali akakataa, gari likarudi lilikotoka.

Wakulima wa korosho wanalifahamu jambo hili vizuri kuliko waandishi wa vitabu. Tangu mwaka 2007, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika korosho, wamezoea kuona wanunuzi wakitoa bei na wakulima wakiulizwa kama wanaridhia. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walikataa bei zilizotolewa, ambazo hazikufika shilingi 3,000 kwa kilo, na mwezi uliofuata Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho hizo kwa shilingi 3,300. Bei zile zilizokataliwa zilitangazwa katika vyombo vya habari, na kwa mtu aliyesikia nusu ya habari zilikuwa ndiyo bei za mnada. Hali zilikuwa bei za maombi tu, na hakuna kilo hata moja iliyouzwa kwazo siku ile.

Hata nyundo ikishaanguka, kazi haijaisha. Matangazo mengi ya minada ya magari nchini mwetu huweka sharti kwamba mshindi alipe asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 14, la sivyo amana yake ipotee na mali inadiwe upya. Sharti hilo lipo kwa sababu washindi wasiorudi wapo. Mtu aliyehudhuria mnada na kusikia nyundo ataondoka akisimulia bei ile kwa uaminifu kabisa, bila kujua kwamba baada ya wiki mbili gari lile lilinadiwa tena na kuuzwa kwa bei ya chini. Msimuliaji hakusema uongo. Hata hivyo habari yake si ya kweli, na mnunuzi anayeitegemea atalipa zaidi ya inavyostahili.

Gari lililofika milioni sabini kwa dakika chache

Wapo watakaosema kwamba mashaka haya ni ya minada midogo, na kwamba nyumba kubwa za mnada za ng'ambo hazina kasoro. Tukio la Agosti 2019 linafaa kuwajibu.

Huko Monterey, katika jimbo la California nchini Marekani, nyumba ya mnada ya RM Sotheby's ilinadi gari adimu sana, Porsche Type 64, lililobuniwa na Ferdinand Porsche kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ukumbi ulijaa. Kwenye kioo kikubwa ikaandikwa kwamba dau la kwanza ni dola milioni 30. Watu wakashangilia. Likapanda hadi 40, likapanda hadi 50, hatimaye kioo kikaonyesha milioni 70. Ndipo dalali aliposimamisha mambo na kueleza kwamba hakusema sabini. Alisema kumi na saba. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili hukaribiana mno kwa sauti, kama yanavyokaribiana maneno ya kumi na tatu na thelathini, na aliyekuwa akiandika kwenye kioo alikuwa akisikia namna yake. Ukumbi ukazomea, baadhi ya watu wakatoka. Gari halikuuzwa usiku ule.

Nyumba ya mnada ilisema ni kosa la kusikia, wala halikukusudiwa. Hatuna sababu ya kubishana juu ya hilo katika kijitabu hiki. Linalotuhusu ni kwamba kwa muda wa dakika chache mamia ya watu wenye macho na masikio waliamini tarakimu iliyozidi ile ya kweli mara nne, kwa kuwa tu iliandikwa kwa herufi kubwa, na simu nyingi ziliipiga picha. Aliyepokea picha ya kioo kile bila kupokea habari ya kilichofuata, mpaka leo aweza kuapa kwamba gari hilo liliwahi kufikishwa dola milioni 70.

Ikiwa hayo yametokea mbele ya kamera za ulimwengu, picha ya simu aliyoonyeshwa mzee wetu chini ya mkorosho haiwezi kuwa ushahidi.

Land Rover ya mzee

Tumrudie basi mzee huyo, kwani suala lake ni gumu kuliko linavyoonekana, na katika mazungumzo ya vijijini ndilo hupewa muda mdogo.

Ni kweli kwamba Land Rover za zamani zina wapenzi wengi duniani. Gari la kwanza la aina hiyo lilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, toleo la pili likaja 1958, la tatu 1971, na uzalishaji wa Defender ya zamani ukasitishwa huko Solihull, Uingereza, Januari 2016. Kwetu pia mapenzi hayo yapo. Oktoba 2024 mji wa Arusha ulikuwa mwenyeji wa tamasha la Land Rover lililokusanya wamiliki kutoka pande mbalimbali. Kwa hiyo kijana aliyemwambia mzee kwamba gari lake laweza kuwa na thamani hakubuni jambo hilo.

Uongo, kama upo, hukaa katika ulinganisho. Desemba 2015 Defender moja iliuzwa mnadani London na nyumba ya Bonhams kwa pauni 400,000. Tarakimu hiyo ni ya kweli na imeandikwa mahali pengi. Lakini gari hilo lilikuwa limetengenezwa mahususi kuadhimisha gari la milioni mbili la aina hiyo, na fedha za mauzo zilikwenda kwenye mashirika ya hisani. Mnunuzi alikuwa akinunua kumbukumbu na kutoa sadaka kwa wakati mmoja. Kuichukua bei hiyo na kuipachika kwenye Land Rover iliyobeba nazi kwa miaka thelathini ni sawa na kupima bei ya ng'ombe sokoni kwa kumtazama fahali aliyenadiwa kwenye harambee ya msikiti.

Yako mambo mengine yasiyoonekana katika picha ya simu. Wakusanyaji wa magari ya zamani hulipia uasili, yaani injini iwe ileile iliyotoka nayo kiwandani, namba yake ilingane na kumbukumbu, na nyaraka ziwepo. Gari lililofungwa injini ya aina nyingine ili liendelee kufanya kazi, jambo la busara kabisa kwa mtu wa Kanga, hushuka thamani machoni mwao. Tena alumini ya bodi huvumilia hewa ya bahari, lakini chasisi yake ni ya chuma, na chumvi ya kisiwani huila kimyakimya kutoka chini. Mwenye gari na alale chini ya gari lake na kugonga chasisi kwa nyundo ndogo kabla ya kumsikiliza mtu yeyote anayetaja mamilioni.

Kisha kuna hesabu ya ada. Katika minada mikubwa ya Ulaya na Marekani, mnunuzi hulipa bei ya nyundo pamoja na ada ya mnunuzi, ambayo kwa magari mara nyingi huwa kati ya asilimia 10 na 15. Matokeo yanayotangazwa kwa kawaida hujumlisha ada hiyo, na mwenye mali haipati hata senti yake. Tuchukue mfano, tukiacha kodi kando. Gari limetangazwa kuuzwa kwa pauni 23,000. Ikiwa ada ya mnunuzi ni asilimia 15, bei ya nyundo ilikuwa 20,000. Ikiwa mwenye gari naye alikubali kukatwa asilimia 10, ameondoka na 18,000. Ikiwa kabla ya mnada alitumia 12,000 kulitengeneza, kulipaka rangi na kulitafutia vipuri, kilichobaki mkononi ni 6,000, kabla hajahesabu gari lenyewe lilikuwa na thamani gani tangu mwanzo. Tarakimu iliyosambaa ni 23,000. Iliyomfaidi mtu ni 6,000. Na gari hilo lilikuwa huko huko Uingereza, wala halikuhitaji kuvushwa Nyamisati, kusafirishwa Dar es Salaam, kulipiwa meli na kufuatiliwa vibali.

Mkulima wa korosho hatashangazwa na hesabu hii. Anapotangaziwa redioni kwamba bei imefika zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo, kama ilivyokuwa katika minada ya mwanzo ya msimu wa 2024/2025, anajua kwamba hiyo siyo itakayoingia kwenye akaunti yake, kwa maana kuna ushuru, makato ya chama na gharama za ghala na usafirishaji. Anajua pia kwamba bei inayopenda kutangazwa ni ile ya juu, na mzigo wake waweza kuwa katika ghala lililopata ya chini. Mazoea hayo ya kuuliza "na mkononi ni ngapi?" ndiyo anayopaswa kuyahamishia kwenye magari.

Hatusemi mzee akatae kila mteja. Hatari ya upande wa pili ni kubwa vilevile. Mtu aliyeaminishwa bei ya ajabu hukataa bei ya haki, gari likaendelea kuoza, na baada ya miaka mitano akaliuza kwa kilo kama chuma chakavu. Tunachosema ni kwamba asitoe kadi ya gari wala fedha ya "kutangaza" kwa mtu ambaye ushahidi wake wote ni tarakimu ya mnada. Anayetaka kweli kumtafutia mnunuzi ataandikiana naye mkataba mbele ya mtendaji wa kijiji, na malipo yake yatatoka kwenye mauzo.

Waliouzwa huonekana, wasiouzwa hufichika

Kasoro nyingine ya habari za mnada ni ya ukimya. Magari kumi yakipelekwa mnadani na manne yakauzwa, yatakayosimuliwa ni yale manne. Sita yaliyokosa mnunuzi hayana hadithi. Kwa hiyo anayekusanya bei zilizosimuliwa na kutafuta wastani wake hajapata wastani wa soko. Amepata wastani wa yale yaliyobahatika, ambayo kwa kawaida ndiyo yaliyokuwa bora au yaliyokuwa na wenyewe wasio na haraka. Ukiambiwa bei, uliza mangapi ya aina hiyo yalinadiwa siku ile na mangapi yalirudi. Dalali mwaminifu atakujibu hata kama jibu halimpendezi.

Lipo tena suala la wanunuzi wa kupangwa. Mwenye mali huweza kumsimamisha jamaa yake katikati ya umati ili apandishe dau bila nia ya kununua. Sheria tuliyoitaja hairuhusu mwenye mali kuweka dau mwenyewe wala kumtuma mtu, ila kama haki hiyo ilitangazwa waziwazi kabla ya mnada. Vinginevyo mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo kuwa ya ulaghai. Kinyume chake ni wanunuzi kuungana na kukubaliana wasishindane, ili mmoja achukue mali kwa bei ya kutupa kisha wagawane faida nyuma ya pazia. Njama za namna hiyo zimekatazwa na Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003. Katika hali ya kwanza bei inayosimuliwa huwa kubwa kuliko thamani, na katika ya pili huwa ndogo. Kwa maoni yetu njama hii ya pili husahaulika mno, kwa kuwa mnunuzi anayesikia bei ndogo hufurahi na hana moyo wa kuhoji. Kikundi chetu cha wavuvi kilipoambiwa kwamba kirikuu kiliuzwa kwa milioni nane, hakikujua kama nane ile ilikuwa bei ya soko au ya watu watatu waliokubaliana kukunja mikono.

Karatasi ya mnada kutoka Japani

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia nchini yamepita kwanza katika minada ya Japani, ambako wafanyabiashara waliosajiliwa hununua maelfu ya magari kila wiki. Kila gari hukaguliwa na kuandikiwa karatasi yenye alama za ubora, ramani ya mikwaruzo na maelezo ya mkaguzi. Kwa jumla karatasi hiyo ni chombo kizuri, tena ni bora kuliko maneno ya dalali yeyote. Udhaifu wake uko mahali pengine.

Kwanza, imeandikwa kwa Kijapani, na anayekutafsiria mara nyingi ndiye anayekuuzia. Herufi R au RA kwenye nafasi ya alama ya ubora humaanisha gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Hiyo huhitaji mtafsiri yeyote, na ndiyo ya kutazama kabla ya kitu kingine. Pili, picha ya karatasi huweza kuchezewa, au kuwa karatasi halali ya gari jingine. Namba ya chasisi kwenye karatasi ilingane na iliyogongwa kwenye gari, tarakimu kwa tarakimu, na kilomita zilizoandikwa siku ya mnada zisiwe nyingi kuliko zinazoonekana kwenye dashibodi leo. Gari halirudi nyuma kwa umri.

Tatu ni bei yenyewe. Wauzaji wengine huonyesha matokeo ya mnada wa Japani ili kuthibitisha kwamba faida yao ni ndogo. Hapo kuna mitego miwili. Matokeo hutofautisha gari lililouzwa, lililorudi, na lililouzwa baada ya mazungumzo pembeni, na katika hali hizi mbili za mwisho tarakimu unayoonyeshwa yaweza kuwa dau lililokataliwa. Mtego wa pili ni tarehe. Katikati ya mwaka 2021 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa yen zipatazo 110; katikati ya 2024 ilipita yen 160. Bei ileile ya yen ina maana mbili tofauti kabisa katika miaka hiyo miwili. Bei isiyo na tarehe si bei.

Na juu ya hayo, ushuru. Mamlaka ya Mapato Tanzania ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika kwa kufuata aina, toleo na mwaka wa kutengenezwa, na mtu yeyote aweza kuutumia kwenye tovuti ya Mamlaka kabla ya kuagiza gari. Kodi hutokana na thamani hiyo. Kwa hiyo muuzaji anayekuahidi kwamba "bei ya mnada ilikuwa ndogo, kodi nayo itakuwa ndogo" anakuahidi jambo asilolimiliki.

Nini kikubaliwe kuwa ushahidi

Tangazo la mnada huthibitisha kwamba mnada ulipangwa. Picha ya umati huthibitisha kwamba watu walikuja. Kilichouzwa huthibitishwa na karatasi za mauzo, yaani hati ya mauzo yenye namba ya chasisi, jina la mnadi na tarehe; risiti ya kielektroniki ya malipo kamili, si ya amana; na kadi ya gari iliyohamishiwa jina la mnunuzi. Karatasi hizi zikikosekana, bei iliyotajwa na ichukuliwe kuwa uvumi, hata kama aliyeitaja ni mtu wa heshima, kwa kuwa mtu wa heshima naye alisimuliwa.

Kikundi kinachotaka kirikuu kitafanya vyema kumtuma mwanachama mmoja, ikiwezekana pamoja na fundi, ahudhurie minada miwili au mitatu bila fedha mfukoni. Aandike kila gari lililonadiwa, lililouzwa na lililorudi, dau la mwisho, na masharti yaliyosomwa mwanzoni. Nauli ya safari hizo itaonekana kubwa kwa wanachama waliobaki kijijini, na hapana budi maneno yatasemwa. Hata hivyo ni ndogo ikilinganishwa na milioni tatu zilizokuwa zikitenganisha bei ya mnada aliyoisimulia dalali na bei aliyotaka kulipwa.

Anayeamini amepotoshwa kwa matokeo ya uongo ya mnada na ahifadhi ujumbe, picha na risiti zote, asifute kitu kwenye simu. Malalamiko ya upotoshaji wa mlaji na ya njama za mnadani hupelekwa Tume ya Ushindani. Pale ambapo fedha imechukuliwa kwa hila, taarifa itolewe kituo cha polisi. Anayeishi Kanga aweza kuanzia kwa mtendaji wa kata au ofisi ya biashara ya Halmashauri ya Wilaya huko Kilindoni, ambako ataelekezwa namna ya kuandika.

Zoezi la kikundi

Someni mfano huu kwa sauti, kisha kila mwanachama ajibu kabla ya kusikia jibu la mwenzake. Tarakimu ni za mafunzo tu.

Kirikuu kimenadiwa Dar es Salaam na nyundo imeanguka kwenye shilingi 8,000,000. Masharti ni asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 14. Fundi amekadiria matairi na betri kuwa 1,200,000. Usafiri hadi Nyamisati na kivuko hadi Kilindoni ni 600,000. Bima na kuhamisha umiliki ni 500,000.

Mshindi wa mnada atatakiwa kuwa na kiasi gani mkononi siku hiyohiyo? Gari litakapofika Kanga likiwa tayari kubeba mzigo, litakuwa limegharimu kiasi gani? Siku ya kumi baada ya mnada, mtu aliyekuwepo ukumbini anakuambia kwamba "kirikuu kimeuzwa milioni nane". Je, anajua kwamba kimeuzwa? Na dalali wa kijijini anayetaka milioni kumi na moja kwa gari lililokwisha kufika Kanga, lenye matairi mapya na kadi iliyo tayari kuhamishwa, anadai faida ya shilingi milioni tatu, au ya shilingi 700,000?